Kumfuata Mwenza: Historia Fupi ya Safari ya Kaskazini

Naomba radhi kwa ukimya wa majuma matatu. Sikuugua, sikukamatwa, wala sikuteuliwa, ingawa nimeambiwa kuwa dhana zote tatu zilijadiliwa miongoni mwa wanafunzi wangu. Nilikuwa likizo. Nilikwenda kumtembelea mke wangu.

Mke wangu ni tabibu katika kituo kimoja cha afya wilayani Longido, mpakani mwa nchi yetu na Kenya. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Dodoma. Kwa miaka minne sasa ndoa yetu inaishi kwa simu, kwa mabasi na kwa ratiba ya zamu zake. Siku ile niliamka alfajiri, nikachukua begi moja, boksi la zabibu na mfuko wa mlenda mkavu alioukausha mama yangu kwa mkono wake. Mama anaamini kuwa mkwewe amekonda kwa sababu huko Umasaini hakuna mboga, kuna maziwa tu. Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Kabla ya magharibi nilikuwa Longido, nimenawa mikono, nasubiri ugali. Mlenda ulifika salama. Zabibu zilifika nusu, kwa kuwa niliketi karibu na bibi mmoja mcheshi na wajukuu zake wawili, na njia ni ndefu.

Mwalimu wa historia ana maradhi yasiyo na dawa: hata akiwa likizo hawezi kupita mahali bila kuuliza ni nani aliyepita hapo kabla yake. Swali lililonisumbua tangu Msalato mpaka Kisongo lilikuwa hili: katika historia ya nyanda hizi za kati, ni nani aliyekuwa na haki ya kufunga safari ya mbali kwa sababu moja tu, kwamba huko aendako yupo mtu anayempenda? Tunadhani jambo hili ni dogo, la faragha, lisilohusu siasa. Nakusudia kuonyesha kuwa sivyo.

Tuanze na njia yenyewe. Barabara inayotoka Dodoma kwenda Kondoa, Babati, Arusha, Longido na Namanga ni kipande cha ile iliyoitwa na wakoloni wa Kiingereza Barabara Kuu ya Kaskazini. Jina hilo linaeleza mengi. Mgogo hakuwa na haja ya kuiita hivyo. Kwake ilikuwa njia ya kwenda Kondoa. Inaitwa ya kaskazini na mtu aliyesimama kusini kabisa, huko Cape, akiitazama Afrika yote kama shamba moja linalohitaji uchochoro wa kulipitia mpaka Cairo. Ndoto hiyo ilikuwa ya akina Cecil Rhodes. Dodoma ikajikuta ni njiapanda: reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1910, na barabara ya Waingereza ikaja kuikata reli hiyo kuelekea kaskazini. Mji wetu ulikuwa mahali ambapo safari za watu wengine zilikutana.

Kabla njia hiyo haijapitiwa na likizo, ilipitiwa na majeshi. Mlima Longido, ambao sasa nauona kutoka dirishani kwa mke wangu, ulikuwa uwanja wa mapigano tarehe 3 Novemba 1914, Waingereza waliotoka upande wa Kenya walipowashambulia Wajerumani waliokuwa wameushika, wakashindwa na kurudi walikotoka. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia kwa nguvu kupitia Kilimanjaro. Akamtuma Jenerali Van Deventer, na askari wake wa farasi kutoka Afrika Kusini, ateremke kutoka Arusha kuelekea reli ya kati. Waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Tarehe 19 Aprili walikuwa Kondoa, na hapo masika ikawafunga. Farasi walikufa, askari wakaugua, chakula kikakwama kwenye matope. Usiku wa tarehe 9 Mei Von Lettow-Vorbeck aliwashambulia hapohapo Kondoa, bila kufanikiwa. Dodoma ilitekwa tarehe 29 Julai.

Hesabu yake ni rahisi: karibu miezi minne, Arusha hadi Dodoma. Nilimweleza jambo hili bibi wa zabibu tulipokuwa tukiingia Kondoa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hata sisi kabla ya hii lami tulikaa siku mbili Kolo, na hatukuwa na vita na mtu." Nilikubali kwamba historia yangu imepata nyongeza.

Lakini vita ile haikuwa kichekesho kwa wenyeji. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, zilichukua nafaka, zikachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Ugogo ilibaki bila mifugo ya kuuza, bila akiba ghalani, bila mikono ya kulima. Mvua zilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Wanahistoria hukadiria kuwa watu 30,000 hivi walikufa, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Katika safari yangu hii ya furaha nilipita juu ya ardhi hiyo kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, nikiwa nimeshikilia boksi la matunda.

Hapo ndipo inapotupasa kulikumbuka neno moja ambalo wazee wa Dodoma wanalijua vizuri kuliko vijana: kuhemea. Kuhemea ni kwenda mbali kutafuta chakula wakati wa njaa. Watu wa mijini husikia neno hilo wakadhani ni kuombaomba. Sivyo. Aliyekwenda kuhemea hakuenda kwa mtu yeyote tu. Alikwenda kwa shemeji, kwa mjomba, kwa rafiki wa baba yake, kwa mtu ambaye miaka kumi nyuma alikabidhiwa ng'ombe amtunzie. Katika nchi ambayo mvua hunyesha kijiji hiki na kukiruka kile, mwenye busara hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja, wala hakuoza binti zake wote mahali pamoja. Alitawanya undugu kama anavyotawanya mbegu. Hivyo kutembeleana kulikuwa kazi ya kulinda uhai. Kicheko cha jamaa wanaokutana baada ya mwaka, zawadi ndogo mkononi, malalamiko kwamba "umetusahau", hayo yote yalikuwa matengenezo ya daraja ambalo siku moja watoto wangelivuka wakiwa na njaa. Mama yangu anapofungasha mlenda kumpelekea mkwewe anaendeleza siasa hiyo ya kale, ingawa yeye husema tu kuwa mtoto wa watu asikonde.

Ukoloni ulipokuja na kazi ya mshahara, ulikuja pia na wazo jipya, la likizo, na ukaligawa kwa rangi. Ofisa wa Kiingereza aliyetumikia Tanganyika alifanya kazi zamu ya miaka miwili hadi mitatu, kisha akalipiwa nauli ya meli kwenda kupumzika kwao miezi kadhaa, akiwa na mshahara wake. Serikali ilielewa kabisa kuwa binadamu hawezi kukaa miaka bila kuwaona awapendao na akabaki na akili timamu. Mwaka 1932 shirika la ndege la Imperial Airways lilipofungua njia ya London hadi Cape, Dodoma ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, kati ya Moshi na Mbeya. Hivyo barua za mapenzi kutoka kaskazini ya mbali kabisa zilitua hapa kwetu kwa ndege, katika miaka ambayo Mgogo aliyetaka habari za mwanawe mkongeni alisubiri mpita njia.

Kwa kuwa mwanawe huyo naye alikuwa kaskazini. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Moshi na Arusha yalikula nguvu za vijana wa nyanda za kati na magharibi: Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyamwezi, Wagogo. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa kwa namba. Kipande, ile kadi ya kazi, kilihesabu siku 30 za kazi iliyokamilika ndipo mshahara ulipwe. Siku ya kuugua haikuhesabiwa, siku ya msiba haikuhesabiwa. Ujira ulipangwa kwa makadirio ya mwanamume mseja, hata kama alikuwa ameacha mke na watoto wanne Singida. Kwa miaka mingi mwenye shamba alitaka misuli peke yake. Gharama ya mke, ya uzee na ya maradhi iliachwa kijijini ilipwe na jembe la mwanamke. Manamba hakuwa na likizo. Alikuwa na mwisho wa mkataba, na wengine hawakurudi hata huo ulipofika. Mikoa yetu imejaa nyimbo na methali za wanawake waliongoja.

Hata aliyekuwa nje na kaskazini zaidi ya mkonge hakuwa na safari yake mwenyewe. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia, na maelezo yake ya Kiswahili yalichapwa mwaka 1901 pamoja na safari za Waswahili wengine. Ni ushahidi wa thamani kwamba lugha hii iliwahi kuitazama Siberia kwa macho yake yenyewe mapema namna hiyo. Lakini Salim alikwenda akimfuata Mjerumani aliyemwajiri, Bumiller. Njia ilikuwa ya bwana wake. Yeye alitupatia macho tu.

Tukija kwa makarani na walimu Waafrika, ambao ndio babu zetu wa kitaaluma sisi watumishi wa leo, tunakuta jambo jingine. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake waliunda huko Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Hawa walikuwa na mshahara, walikuwa na kola nyeupe, lakini walikuwa na hofu moja kubwa: uhamisho. Serikali ya kikoloni iligundua kuwa huhitaji kumfunga karani mkorofi, inatosha kumhamisha. Dk. Vedasto Kyaruzi, aliyeshika urais wa TAA mwaka 1950, alihamishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kingolwira, karibu na Morogoro, na baadaye akapelekwa Nzega. Mwaka 1953 watumishi wa serikali wakakatazwa kabisa kujiunga na vyama vya siasa. Umbali ulikuwa chombo cha utawala. Nawakumbusha jambo hili kila ninaposikia mkuu wa idara akimtishia kijana kwa maneno yale tunayoyajua sote: "Nitakupeleka mahali ambapo hata simu haishiki." Maneno hayo si ya jana. Yana umri mkubwa kuliko Jamhuri.

Baada ya uhuru, chombo hichohicho kilipewa kazi njema, na lazima tuseme ukweli huo bila kigugumizi. Taifa changa lilimtuma mwalimu wa Bukoba akafundishe Mtwara, muuguzi wa Kilimanjaro akahudumu Manyoni, bwana shamba wa Mbeya akaishi Kondoa. Vijana hao walijifunza vyakula vya watu, wakaoana, wakazaa watoto ambao ukiwauliza kabila hufikiri kwanza. Mimi ni Mgogo, mke wangu ni Mmeru, na tulikutana katika wilaya ambayo si kwetu wala si kwao, ambako sote tulikuwa tumepangiwa kazi. Uhamisho ndio mshenga wetu. Siwezi kuutukana bila kuitukana ndoa yangu.

Ila mshenga huyohuyo ndiye aliyetutenganisha, na si sisi peke yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973. Utekelezaji wake wa kweli ulianza mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Katika mtaa ninaoishi, nyumba tatu kati ya tano zina mtumishi ambaye mwenzi wake yuko mkoa mwingine. Ijumaa jioni ukisimama stendi utawaona wanaume na wanawake wenye begi dogo la mgongoni na uso wa mtu anayehesabu saa. Jumapili usiku wanarudi. Tumeujenga mji mkuu, na wajenzi wake wengi wanaishi kama manamba wenye vitambulisho vya plastiki.

Jambo moja limebadilika kweli, na ni lami. Zamani aliyetoka Dodoma kwenda Arusha kwa basi alishuka kwanza mpaka Chalinze, akapanda kupitia Segera na Korogwe, akaizunguka nusu ya nchi ili afike mahali palipokuwa kaskazini mwake moja kwa moja. Mwezi Aprili 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa. Nimesoma taarifa nyingi zinazoisifu kwa kusafirisha mahindi, mbaazi na vitunguu. Zote ni za kweli. Sijasoma hata moja inayosema kuwa imemwezesha mwanamume kula chakula cha jioni na mkewe siku ileile aliyoondoka nyumbani. Nadhani takwimu zetu hazina safu ya kuandika faida hiyo.

Sasa nirudi Longido. Siku zangu kule zilikuwa za mtu asiye na cheo. Nilichota maji, niliosha vyombo, nilijifunza kutoka kwa jirani mmoja wa Kimasai kuwa natembea kama mtu anayekimbizwa. Nilionjeshwa maziwa mgando kutoka katika kibuyu, na mlenda wa mama ukatolewa mezani kama malipo. Wageni watatu walionja, wakatazamana, wakausifu kwa heshima, na hawakurudia. Jioni tuliitazama Meru upande wa kusini na kujadili mambo yasiyo na maana. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana.

Siku ya nne nilimuuliza habari za barua yake. Mnajua utaratibu: mtumishi akitaka kuhamia aliko mumewe au mkewe huandika ombi la uhamisho wa kumfuata mwenza, akaambatanisha cheti cha ndoa, likapita meza moja hadi nyingine. Barua yake ya kwanza ina miaka mitatu. Ya pili ina mwaka mmoja. Hakuna iliyokataliwa, hakuna iliyojibiwa. Nikaanza kuhutubia, kama ilivyo desturi yangu, juu ya urasimu, juu ya Van Deventer na miezi yake minne, juu ya haki ya familia. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Baba," akasema, "nikiondoka mimi hapa, kile kituo kinabaki na tabibu mmoja. Wajawazito wanatembea kutoka mbali kuja kwetu. Hilo umeliandika kwenye hotuba yako?"

Nikasema sijaliandika.

"Na jingine. Hizi barua za kumfuata mwenza, mbona kila siku ninaandika mimi? Wewe huna kalamu?"

Nikamjibu kuwa Longido hakuna chuo kikuu. Akaniambia Arusha vipo, na kwamba kutoka Arusha mpaka pale alipoketi ni safari isiyofika saa mbili. Nikaitazama Meru kwa muda mrefu.

Nimeufikiria mlo ule wa mchele njia nzima ya kurudi. Historia niliyowasimulieni ilikuwa na kasoro ambayo sikuiona mpaka nilipoonyeshwa. Nimesema wanawake wa nyanda za kati waliongoja, nikaishia hapo kwa huruma. Sikuuliza kwa nini, leo, ambapo mwanamke naye ana ajira, ana taaluma na ana wagonjwa wanaomtegemea, bado tunadhani kuwa kufuata ni kazi yake, na kwamba mwelekeo wa kufuata ni mmoja: kutoka pembezoni kuja mjini, kutoka zahanati kuja makao makuu. Kama kila ombi la kumfuata mwenza lingekubaliwa kwa mwelekeo huo, tungeziunganisha familia za watumishi na kuwaacha wananchi wa Longido, Kiteto na Chemba bila mtu wa kuwapokea watoto wao duniani. Anayetetea haki ya mtumishi na akaisahau haki ya yule mama mjamzito anatetea nusu ya haki.

Kwa hiyo sitaki kumaliza kwa kudai watu wote wahamishwe. Nadai mambo madogo zaidi. Barua ijibiwe, hata kama jibu ni hapana, kwa kuwa mtu aliyeambiwa hapana anaweza kupanga maisha yake, lakini aliyenyamaziwa hawezi. Mtumishi akiomba kwenda pembezoni kumfuata mwenzake, njia hiyo iwe nyepesi kuliko ile ya kuja mjini. Sasa zote mbili ni nzito sawasawa. Likizo isigeuzwe fadhila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatamka siku 28 kwa mwaka, na mtumishi wa umma anastahili nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili; wakuu wa idara wanaosema "subiri robo hii iishe" wakumbuke kuwa hata ofisa wa kikoloni, aliyetudharau, hakuthubutu kumfanyia hivyo Mwingereza mwenzake. Na neno uhamisho likome kutumika kama fimbo, maana kila tunapomtishia mtu kwa jina la wilaya fulani tunawatukana pia watu wanaoishi wilaya hiyo, ambao kwao pale si adhabu, ni nyumbani.

Basi la kurudi lilijaa. Mke wangu alinifungia samli katika chupa iliyokuwa ya maji, kwa ajili ya mama, na akanionya nisiiweke juani. Iliyeyuka kidogo kabla ya Minjingu. Mama ameipokea, ameionja, na ametoa hukumu kuwa mkwewe hajakonda.

Kalamu ninayo. Barua nimeianza.